Kulitunza na Kulitunga

Gari nililikuta limeoshwa. Lilikuwa limeegeshwa mahali pake pa siku zote, ubavuni mwa nyumba ya kupanga pale Kashai, pua ikielekea barabarani, na udongo chini yake ulikuwa bado umelowa. Ni Noah ya zamani, rangi ya fedha, na ni namba A, zile ambazo vijana wa bodaboda wakiziona huuliza kama gari limeshaanza kuchukua pensheni. Lakini wakilisogelea hunyamaza. Rangi haijapauka, mlango wa pembeni unateleza bila kelele, safu zote tatu za siti zina vitambaa vyake, na ukifungua boneti unakuta injini kavu, safi, ambayo mtu angeweza kuiwekea sahani ya chakula. Kaka yangu Muganyizi, ambaye sote tunamwita Muga, alikuwa amesimama kando na kitambaa begani. Matanga ya baba yetu yalikuwa yamekwisha, kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa na kuamua, nami nilikuwa nimetoka Mwanza kuja kuchukua kilicho changu.

"Kioo cha kushoto usikishushe mpaka chini," Muga alisema. "Kikifika nusu, mwache."

"Nimwache nani?"

"Gari. Halafu asubuhi ukimwasha, msikilize kwanza. Usimkurupushe."

"Muga, unaongea kama unanikabidhi mtoto."

"Mtoto ana nafuu. Mtoto husema panapomuuma." Akanipa funguo mbili, ule wa kila siku na wa akiba, ambao sikuwahi kujua kuwa upo. "Stepni ina upepo. Jeki iko chini ya siti ya nyuma. Maji ya rejeta nimeweka leo mwenyewe. Haya, safari njema, waitu."

Waitu ni neno la heshima kwetu, la kumwambia mkubwa au mgeni. Kaka hamwambii mdogo wake, labda kwa utani. Nilimtazama usoni nijue kama anatania, nikashindwa kujua. Nilipowasha gari alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

Kikao kilikuwa kimekwenda hivi. Kwa mila yetu kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya watu wetu, hurithiwa na mtoto wa kiume. Kile cha Kagoma, wilayani Muleba, kilikwenda kwa Muga bila mjadala. Mimi ni mtoto wa kike, sikutegemea kitu. Lakini Baba Mdogo, aliyekuwa akiongoza kikao, alinigeukia mbele ya wote akasema, "Koku, wewe ndiye uliyekuwa naye siku zile za mwisho. Kuhusu gari alisemaje?" Nikajibu. Tata, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, alikuwa ameongea kwa sauti iliyokwisha, nusu Kihaya nusu Kiswahili kama alivyoongea maisha yake yote, na nilichowaambia wazee ni kwamba alitaka Muga alitunze gari, na Koku asikose njia. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtunzaji si mwenye mali, walisema. Mtunzaji hutunza cha mwenzake, na mwenzake ndiye huyu asiyetakiwa kukosa njia. Walifurahi, niliwaona, wanaume wazima waliokuwa wamempa binti kitu, na mmoja akasema sasa hakuna atakayetuambia kuwa Wahaya hatuendi na wakati. Muga alikuwa amekaa karibu na mlango. Alipoulizwa kama ana neno alisema, "Sina. Sawa."

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kurudia walichosema watu, bila kuongeza wala kupunguza, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Na lazima niseme jambo jingine, kwa kuwa nilikuwa nalo moyoni nikiondoka Kashai. Mwanza nina gari dogo linalonitosha. Hili la Tata nilikuwa nimeshalipatia mnunuzi, mfanyabiashara wa samaki anayezunguka visiwa vya Muleba, mtu mchangamfu aliyeniambia kwenye simu, "Dada, siti zote nang'oa, natandika bati chini, dagaa wanakaa kifalme." Nilicheka naye. Muga sikumwambia. Kila asubuhi ya shule kwa zaidi ya miaka ishirini Muga amekuwa akiwapeleka watoto wa Kashai shuleni kwa gari lile, na Jumamosi huwapeleka maharusi, na siku yoyote hupeleka wagonjwa. Nilijiambia kwamba sasa ana kibanja. Nilijiambia pia kwamba hakuniuliza.

Kabla ya kutoka mjini nilipitia Miembeni kutoa taarifa ya msiba kwa Bi Zuhura, kwa sababu gari lilikuwa la mumewe kabla ya kuwa letu. Babu yake alikuja Bukoba na biashara kutoka pwani, yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa, na sasa ni bibi mzee anayeona kwa shida. Alikuwa amekaa barazani. Sikuwa hata nimezima injini.

"Hilo gari la mume wangu," alisema. "Nani analikanyaga mafuta hivyo? Siyo yule kijana."

"Ni mimi, Bi Zuhura. Koku."

"Koku wa Mtungi! Pita ndani. Mtungi hajambo?"

Nikamwambia kwamba Tata amefariki. Alisema innalillahi, akanishika mkono. Kisha akaniingiza ndani, akaita mjukuu wake alete kahawa. "Basi gari kabaki nalo yule kijana," alisema. "Vizuri. Kila Idi huja kunichukua, ananizungusha mjini mpaka ufukweni, ananirudisha. Ananiambia, mama, nimekuleta ulisikilize kama lina tatizo."

Sikuwa najua habari hiyo. Nikasema, "Gari nimepewa mimi."

"Wewe?" Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Haya."

Mjukuu aliingia na birika na vikombe vidogo, nami nikajikuta nimekaa kwenye kiti kile kile nilichokalia siku tuliyokuja kulinunua gari, chini ya saa ile ile ya ukutani, na mwaka ule wote ukanijia.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Tulikuwa tukiishi watatu Kashai, Tata, Muga na mimi, na Mama, ambaye baadaye alimtangulia Tata kaburini, alikuwa Kagoma akishika kibanja. Bi Zuhura alikuwa ametoka eda. Alitukaribisha katika chumba hiki, akatuwekea vitumbua na chai ya tangawizi, na kabla hatujameza alianza kutupa masharti, maana gari la marehemu haliendi tu kwa mwenye kulipia. Pombe isipande. Dagaa asipande kabisa, hata akiwa kwenye kopo. Honi isipigwe kwa hasira. Alipofika kwenye ndizi Tata alishindwa kuvumilia.

"Mama, ndizi? Tunaishi Bukoba sisi!"

"Nazijua. Ndizi zipande, lakini zitandikiwe. Utomvu wa ndizi ukishika kitambaa umeshika. Marehemu alikuwa na turubai lake. Nitakupa."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitalitunga vizuri sana hili gari."

Bi Zuhura aliweka kikombe chini. "Utalitunga? Kwani shanga?"

Muga aliona aibu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mrefu, mpole, wa kwanza darasani kwa Kiswahili. "Anataka kusema atalitunza," alimsahihisha.

"Sitaki kusema hivyo," Tata alisema. "Nimesema nitalitunga. Kwetu kutunga ni kuwa na mali, iwe yako. Mwenye mali tunamwita omutungi."

"Mtungi!" Bi Zuhura alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na nadhani kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu eda. "Jamani, kwetu mtungi ni wa maji!" Tangu siku ile Tata aliitwa Mtungi na nyumba nzima ya Miembeni, na majirani wa Kashai walipoisikia hadithi wakalichukua jina. Gari likiingia uchochoroni mama mmoja muuza mkaa alipaza sauti, "Mtungi kafika, leteni kata tuchote!" Tata alikuwa akijifanya hasikii, lakini alikuwa akipunguza mwendo.

Tulikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha Tata na Muga, kingine changu, ambacho pia kilikuwa jiko siku za mvua na stoo ya vitu vya gari. Nililala karibu na makopo ya oili na ile stepni, na hadi leo harufu ya mpira mpya hunipa usingizi. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba, haukufika hata darini, kwa hiyo nilikuwa nikisikia yote, kikohozi cha Tata, redio yake ndogo, na maneno yao kabla ya kulala, mengi yakiwa juu ya gari. Chakula tulikula mlangoni, ndizi na maharage, au ndizi na samaki mkavu, na msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ulipokuja tulikula senene mpaka tukachoka. Muga alikuwa akila amesimama, sahani mkononi, uso nje. Mtoto yeyote akigusa kioo kwa kidole, Muga alikuwa ameshafika. "Kidole kimetoka wapi? Kimeshika nini?" Watoto walikuwa wakikimbia wakicheka, wakimwita Askari wa Mtungi, naye akirudi kumalizia ndizi zilizopoa.

Jumamosi ilikuwa siku ya gari. Tata na Muga walitoa siti zote nje, wakaziegemeza ukutani zipate jua, wakakung'uta kapeti, wakaangalia oili, maji, upepo wa matairi, na kila nati ya tairi Tata aliigonga kwa spana akisikiliza mlio wake. Mimi kazi yangu ilikuwa vioo, kwa ndani. Tulisugulia magazeti makuukuu aliyokuwa akituletea jirani mwalimu, kwa sababu gazeti huacha kioo bila nyuzi. Lakini mimi sikuweza kusugua kabla ya kusoma. Nilikaa siti ya nyuma, kioo kimelowa, gazeti mapajani, nikisoma habari za kesi na vivuko na bei ya kahawa, mpaka Muga alipogonga bodi kwa nje. "Koku! Kioo kinajikausha chenyewe huko?" Niliposema napenda namna walivyoziandika habari zile, hakucheka. Jumamosi iliyofuata nilikuta magazeti yamepangwa kwa tarehe, la zamani chini, jipya juu. Watu wanaponiuliza nilisomea wapi uandishi, mimi hutaja chuo. Ukweli ni kwamba nilisomea ndani ya gari lile, na aliyenipangia masomo alikuwa nje akisugua matairi.

Matokeo yangu yalitoka mazuri. Nilichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mbali, ng'ambo ya Biharamulo. Wakati huo huo Muga alipata nafasi chuo cha ufundi Mwanza, fundi mitambo, kitu alichokuwa akikitaka tangu anajua kushika bisibisi. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na furaha ya ajabu, ya watu wanaoongea kwa sauti ya juu wasisikie wanachowaza. Kisha jioni moja, mvua ikinyesha, nilikuwa chumbani kwangu namenya ndizi, nikamsikia Tata upande wa pili wa mbao.

"Gari bila dereva ni banda la kuku," alisema. "Mimi macho yangu ya jioni unayajua. Nikiajiri mtu, ataliua kwa mwaka mmoja. Na hili gari ndilo litakalomsomesha Koku. Sikulazimishi."

Nilisikia mvua kwenye bati. Kisu changu kilikuwa kimesimama katikati ya ganda.

"Nitabaki," Muga alisema.

"Usiseme haraka."

"Nimeshasema, Tata. Nitabaki."

Kitanda kililia, ikawa kama Tata amesogea karibu naye. Akamwambia, kwa Kiswahili, na nadhani alitumia Kiswahili kwa sababu ile hadithi ya Miembeni ilikuwa imewafanya wacheke pamoja mara nyingi, na alitaka sasa wacheke tena. "Basi sikiliza. Ukilitunza, utalitunga. Umesikia tofauti?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Nikilitunza, nitalitunga."

Wakacheka kidogo, wote wawili. Mimi nilimalizia kumenya ndizi.

Aliyenipeleka shuleni ni Muga. Tulipita Kagoma kumuaga Mama, naye akatoka kwenye migomba na mkungu mzima mabegani, wa kuwapa walimu wangu, akausukumia siti ya nyuma kabla mtu hajasema neno. Mkungu ulikuwa umekatwa saa ile ile. Turubai la Bi Zuhura lilikuwa limebaki Kashai likikauka. "Mama, utomvu!" Muga alipiga kelele. "Utomvu nini, mtoto anakwenda kwa watu mikono mitupu?" Mama akafunga mlango. Njia nzima Muga alikuwa akitazama nyuma kwenye kioo, si kwa ajili yangu. Tulipofika, alishusha sanduku langu, akashusha mkungu, akaliona doa, jeusi, pana kama kiganja, akalitazama kwa muda. Wenzake waliokuwa wakisoma naye walikuwa wakati ule wakiripoti vyuoni. "Soma," aliniambia. "Hilo nitalishughulikia." Alilishughulikia kwa mafuta ya taa, kwa limau, kwa sabuni ya magadi, na halijatoka mpaka leo.

Kahawa ya Bi Zuhura ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Nilikuwa nikimsikia Tata, si yule wa nyuma ya mbao bali yule wa kitandani Kagoma, midomo mikavu, mimi nimeinama na kijiko cha uji. Gari, Muga alitunge. Koku asikose njia. Alitunge. Sikio langu lilisikia g. Kwenye kikao mdomo wangu ulisema z. Sitasema nilidanganya, kwa sababu sikukaa nikapanga. Nilifanya kile ninachokifanya kazini kila siku. Mtu wa kijijini akizungumza nami na Kiswahili chake kikayumba, nikimnukuu hukinyoosha, ili wasikilizaji wasimcheke. Nilimnyoosha Tata. Nilimsahihisha kama Muga alivyomsahihisha katika chumba hiki hiki, na siku ile alikuwapo wa kusema, sitaki kusema hivyo. Lakini pia najua kwamba mtu hasahihishi kila kosa analolisikia, na hili nililisahihisha upesi, bila kujiuliza, na lilikuwa limeangukia upande wangu.

"Unaondoka?" Bi Zuhura aliuliza.

"Narudi Kashai."

"Rudi taratibu. Na gia ya pili usiivute kwa nguvu, nimesikia ulivyokuja."

Muga nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, kikombe cha chai pembeni, akitazama mahali gari lilipokuwa likikaa. Udongo ulikuwa umeshakauka. Aliinuka akatazama matairi kwanza, kisha mimi. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Muga, Tata hakusema alitunze."

Akakaa tena.

"Alisema alitunge," nikasema. "Alisema kwa Kihaya, nami nikawaambia wazee kwa Kiswahili. Unakumbuka alichokuambia siku ile ya mvua? Nilikuwa upande wa pili."

"Nisikumbuke vipi? Ni mimi niliyerudia kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Kwa hiyo kwenye kikao ulijua."

"Niliposikia umesema alitunze, nilijua."

"Mbona hukusema?"

Alichukua kikombe, akakiona kitupu, akakirudisha. "Ningesema, ungeondoka na nini? Kibanja wamenipa mimi. Nyumba mimi. Wewe ungebeba kanga za Mama ukapande basi? Nikaona acha iwe hivyo. Nikasema angalau litakuwa kwa mtu atakayelitazama."

Nilikuwa na njia ya kunyamaza hapo. Angepokea funguo, tungekumbatiana. Nikamwambia habari za mnunuzi, za siti kung'olewa, za bati. Niliona uso wake ukifunga taratibu, kama mlango wa lile gari unavyofunga, bila kelele.

"Dagaa," alisema mwishowe.

"Dagaa."

"Bi Zuhura angefufuka."

"Bi Zuhura yuko hai. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Basi angekufa kwanza, ndipo afufuke." Hakucheka, nami sikuthubutu. Nilimnyooshea funguo zote mbili. Hakuzichukua. "Siwezi kuzipokea uchochoroni, Koku. Ukoo umekaa. Watasema nimekusonga mpaka ukanipa. Kamwambie Baba Mdogo mwenyewe."

Tukaenda Kagoma. Aliendesha yeye, nami nilikaa siti ya nyuma, karibu na doa, maana sikuona nina haki ya kukaa mbele. Karibu na Muleba alizima redio, akasikiliza kitu kwenye gurudumu la nyuma, akaridhika, akawasha tena. Nilimtazama kisogo, kina mvi ambazo sikuwa nimeziona kikaoni, nikafikiri juu ya yule fundi mitambo ambaye angekuwa na karakana yake Mwanza, labda na mke aliyenenepa na mlango wenye jina lake. Mtu yule nilikuwa nimemla, kidogo kidogo, kila muhula niliokwenda shule. Na baada ya kumla nikaja kuchukua na sahani.

Baba Mdogo alitupokea kwa akamwani, buni zile za kutafuna, akanisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna. Nilimweleza neno kwa neno, safari hii bila kunyoosha.

"Alitunge," alirudia. Akatema ganda. "Mwandishi mzima. Tunawasha redio tukuamini wewe!"

"Ni kweli, Baba."

"Kwa herufi moja umetukalisha wazee kutwa nzima, tukachinja na mbuzi." Akamgeukia Muga. "Na wewe bubu, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni!" Alitafuna kwa muda, akitutazama kwa zamu, na hasira ikamwisha, akabaki mzee aliyechoka. "Haya. Nitawaambia wenzangu. Gari ni la Muganyizi, kama ndugu yangu alivyosema. Lakini wewe Koku, sasa tumekupa nini?"

"Tata alisema nisikose njia."

"Njia si mali, mwanangu."

Ni kweli kwamba kwa mila yetu niliondoka mikono mitupu, na ni kweli kwamba haikuwa haki. Lakini haki yangu ilikuwa kwa wazee wale, na mimi nilikuwa nimekwenda kuichukua kwa Muga.

Basi la Mwanza hupita Kagoma likitoka Bukoba. Wakati tukilisubiri Muga aliingia kwenye kibanja na panga, akatoka na mkungu begani, mkubwa, utomvu ukidondoka kwenye shati lake. Alifungua mlango wa pembeni. Kabla ya kuuweka alivuta turubai kutoka chini ya siti, lile lile la Bi Zuhura, limechakaa pembeni, akalitandaza, akalinyoosha mikunjo, ndipo akaulaza mkungu. Kutoka pale hadi kituoni ni mwendo mfupi mno. Ningeweza kuubeba kichwani.

Kituoni kondakta wa basi alishuka akipiga bodi kwa kiganja, akaiona Noah imesimama mbele ya mlango wa basi lake. "Gari la nani hili? Litoke hapo!"

Kwa miaka yote niliyomjua, Muga akiulizwa hivyo alikuwa na jibu moja. Nilimwona akifungua mdomo kulisema.

"La Tata," alisema, akakatiza. Alinitazama mimi, haraka, kama mtu anayeomba ruhusa, na hilo ndilo ninalolirudia kila nikikumbuka siku ile, kwamba aliniomba mimi ruhusa.

"Langu," akasema. "Nalitoa sasa hivi."